Kichwa kinauma: kwa daktari wa hospitali au kwa tabibu wa Kichina?

Kiswahili hakikosi maneno ya kichwa. Kichwa huuma, huwanga, hugonga, huvuta, hupasuka, huwa kizito kama kimebeba gunia. Kikishika upande mmoja kikateremka hadi jichoni, tunakiita kipanda uso. Mpelekee maneno hayo daktari wa hospitali, atachukua mawili matatu yanayomfaa na mengine atayaacha yapite. Mpelekee tabibu wa tiba ya Kichina, atayashika yote kisha atataka zaidi: ukijifunga kanga kichwani unapata nafuu? Upepo ukikupiga kisogoni kinazidi? Choo kikoje? Unaota sana?

Wengi huuliza ipi kati ya tiba hizi mbili inaponya. Swali hilo linaruka hatua. Kabla ya dawa kuna kuutambua ugonjwa, na ni hapo njia hizi mbili zinapoachana, kwa sababu kila moja inatafuta kitu chake. Nianze na hapo, halafu ndiyo tuseme nani aende wapi.

Jambo moja tulitoe njiani. Daktari Mchina na tabibu wa tiba ya Kichina si lazima wawe mtu mmoja. Zanzibar imekuwa ikipokea timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu tangu 1964, na wengi wao ni wapasuaji na mabingwa wa kawaida, watu wa eksirei na maabara kama wenzao wa popote. Ninayemsema hapa ni yule anayekwambia utoe ulimi, kisha akushike mkono akae kimya dakika nzima.

Mgonjwa mmoja, milango miwili

Tuseme yupo Zuhura, miaka 36, anayefuata nguo Guangzhou mara tatu kwa mwaka. Kichwa kinamsumbua tangu ujana: upande wa kulia, kinagonga, anatapika, mwanga wa dirishani unamkera, siku nzima amejifungia gizani. Humjia mara mbili tatu kwa mwezi, hasa siku chache kabla ya hedhi, au akishagombana na wakala wa mizigo. Akiwa hukohuko Guangzhou anaweza kugonga milango yote miwili bila kuvuka barabara, maana hospitali kubwa za tiba ya Kichina nchini China nazo zina maabara na mashine za CT, zile za kupiga picha za ndani ya mwili.

Kwenye mlango wa kwanza yupo daktari wa mishipa ya fahamu. Ana maswali mawili tu, ingawa yamegawanyika vipande vingi. La kwanza: kuna hatari iliyojificha? Kichwa kilianza kwa kishindo, kikafika kileleni ndani ya dakika moja? Kuna homa na shingo kukaza? Mkono umelegea, maneno yamepinda, macho yanaona viwiliviwili? Kimeanza baada ya miaka 50? Ni mjamzito? Ana VVU au saratani? Alianguka? Zuhura anajibu hapana mpaka mwisho. Anapimwa presha, anamulikwa ndani ya macho, anagongwa magoti kwa kinyundo. Safi.

Ndipo linakuja la pili: kichwa hiki kinaitwaje? Hapa daktari anahesabu. Kwa vigezo vya kimataifa vinavyotumika tangu 2018, kipanda uso kisichotanguliwa na mimweko machoni kinahitaji vipindi visivyopungua 5, kila kimoja cha saa 4 hadi 72 kisipotibiwa. Kati ya mambo manne lazima yawepo mawili: kiwe upande mmoja, kigonge, kiwe cha wastani au kikali, kizidi mtu akitembea au akipanda ngazi. Juu yake kuwe na kichefuchefu au kutapika, au mwanga na kelele vimchukize. Zuhura anafaulu mtihani huo bila shida. Mwenzake mwenye kichwa cha mkazo angefeli: kile hubana pande zote mbili kama kofia ndogo, kwa nusu saa au hata wiki, na mwenyewe anaendelea na kazi akilalamika.

Hakuna damu iliyotolewa wala picha iliyopigwa. Kipanda uso hutambuliwa kwa masimulizi. CT hupigwa ili kutafuta kitu kingine, na kwa mtu kama Zuhura kwa kawaida haioni kitu. Hili wagonjwa wengi hawaambiwi, ndiyo maana mmoja hutoka amenuna kwa kuwa hakupigwa picha, na mwingine hulipia picha, ikatoka safi, akaambiwa "huna kitu" huku kichwa kinapasuka. Hao wa pili ndio wanaojaa kwenye vyumba vya tiba ya Kichina.

Kanga, kilemba na uzi wa gambusi

Mlango wa pili una njia nne za uchunguzi: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa (Kichina kina neno moja kwa yote mawili), kuuliza, na kugusa. Maswali yana mpangilio wake, na wanafunzi huukariri kama shairi. Umetokana na Zhang Jingyue, tabibu aliyefariki 1640: kwanza uliza baridi na joto, pili jasho, tatu kichwa na mwili, nne choo, na kuendelea hadi kumi.

Njia panda ya kwanza ni hii: maumivu yametoka nje ya mwili au yamezaliwa ndani? Yakitoka nje, mshukiwa ni upepo. Matabibu wa Kichina husema kileleni hufika upepo peke yake, na kichwa ndicho kilele cha mwili. Mtu wa pwani hashangai hapa, kwani sisi wenyewe tunasema fulani kapigwa na upepo, au baridi imemwingia. Ila tabibu huupambanua upepo kwa aliyefuatana naye. Upepo ukiandamana na baridi, maumivu hushuka shingoni hadi mgongoni, mgonjwa hana kiu, na vitabu vyao vinasema wazi kwamba hupenda kujifunga kichwa. Kanga ile aliyojifunga bibi imekuwa dalili! Ukiandamana na joto, kichwa hujaa kama kinataka kupasuka, uso na macho ni mekundu, kiu ni kali. Ukiandamana na unyevu, mgonjwa hahitaji kanga, maana anahisi kimeshafungwa: kizito, kama aliyevikwa kilemba kisichovulika.

Kama yamezaliwa ndani, swali ni kujaa au kupungukiwa. Kuna msemo wao mashuhuri: pasipopitika panauma, panapopitika hapaumi. Hayo ni maumivu ya kujaa, makali, na ukiyabonyeza yanazidi. Ya kupungukiwa ni ya chini chini, huja jioni mtu akichoka, na akibonyezwa au akilala hupata ahueni. Kisha huulizwa mahali. Kisogo na shingo ni njia ya Taiyang, paji la uso ni Yangming, pembeni ni Shaoyang, utosi ni Jueyin. Hizo ni njia zinazopitisha chi, nguvu ya uhai kwa mafunzo yao, na jina la njia humwonyesha tabibu pa kuchomea sindano (zile nyembamba zisizo na dawa ndani) na mzizi wa kutangulizwa kwenye dawa.

Halafu ulimi: rangi yake, unene wake, utando wake, kingo zake. (Ukienda, usinywe kahawa wala usisugue ulimi asubuhi hiyo, utamdanganya.) Halafu mapigo, vidole vitatu kwenye kila kifundo cha mkono. Mapigo ya kohozi huteleza kama shanga zinazoviringika kwenye sahani. Ya damu iliyoganda njiani hukwaruza kama kisu kikiparua mwanzi. Ya ini lililokasirika hukaza kama uzi wa kinanda. Mimi ningesema uzi wa gambusi.

Zuhura anasomwa hivi: pembeni, kabla ya hedhi, baada ya ugomvi, mdomo mchungu asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu, kingo za ulimi nyekundu, uzi wa gambusi mkononi. Hukumu: yang ya ini, yaani nguvu yake ya joto, inapanda juu. Akisikia hivyo asikimbilie kupima homa ya ini. "Ini" la tabibu wa Kichina si lile pande la nyama analolijua daktari. Ni jina la kazi kadhaa mwilini: kulainisha mwendo wa chi, kutunza damu, kubeba hasira, kuyahudumia macho. Nimeona watu wakipoteza fedha maabara kwa kutafsiri neno hilo moja kama lilivyo.

Sasa mlete jirani yake, ana kipanda uso kilekile kwa vigezo vya hospitali, lakini ni mnene, anatapika makohozi, kifua kimejaa, utando wa ulimi ni mzito wa mafuta, mapigo yanateleza. Daktari atawapa wote wawili jina moja, pengine na kidonge kimoja. Tabibu atawapa dawa mbili zisizofanana: kwa Zuhura mchanganyiko wa kushusha ini, kwa jirani wa kuyeyusha kohozi. Wachina wana kanuni ya jambo hilo: ugonjwa mmoja, tiba mbalimbali, magonjwa mbalimbali, tiba moja. Hiyo ya pili nayo ni kweli kwao, kwani "yang ya ini" huweza kubandikwa kwa mwenye kipanda uso, mwenye kichwa cha mkazo na mwenye presha.

| | Daktari wa hospitali | Tabibu wa Kichina |
|---|---|---|
| Anatafuta nini | Hatari kwanza, kisha jina la ugonjwa | Sura ya mwili mzima kwa wakati huu |
| Mahali panapouma | Kigezo kimoja kati ya kadhaa | Huonyesha njia ya chi na pa kuchoma |
| Usingizi, choo, hasira | Huuliza akiwa na muda | Bila hivyo hawezi kuanza |
| Dalili zikibadilika | Zikibadilika ghafla ni onyo | Ni kawaida. Dawa hubadilishwa nazo |
| Asichoweza kuona | Kwa nini wewe, kwa nini siku hizi | Uvimbe, damu iliyovuja, vimelea |

Ramani mbili zikipandana

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaonitia wasiwasi, na ndio wa kuukalia kitako. Sura kadhaa za maumivu zinazoelezwa na vitabu vya Kichina zimefanana mno na magonjwa yasiyotaka kusubiri.

Chukua ile ya damu iliyoganda: maumivu yamekaa mahali pamoja, yanachoma kama msumari, yana historia ya kuumia kichwa. Kwa tabibu inajitosheleza, na kuna dawa yake iliyotungwa na Wang Qingren mnamo 1830. Lakini mzee aliyeanguka bafuni wiki tatu zilizopita, leo kichwa kinamuuma na anasinzia ovyo, huenda damu inamjaa taratibu kati ya ubongo na fuvu. Ulimi wa zambarau hauwezi kumtofautisha huyo na mwenye maumivu ya kawaida. CT inaweza, kwa dakika chache.

Au upepo wa joto: homa, kichwa kupasuka, uso mwekundu. Kwetu huo unaweza kuwa malaria. Shingo ikikaza ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vingine. Kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, ile inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi huja polepole, kichwa kikiuma wiki nzima na zaidi bila kishindo chochote, na hapo mtu hujipa muda wa kujaribu dawa za mizizi. Muda huo hana.

Au upungufu wa damu kwa maana ya Kichina: kichwa cha chini chini, moyo kwenda mbio, uso umepauka, kizunguzungu, hasa baada ya hedhi. Hapa ramani zinakaribiana sana kiasi kwamba ni uvivu kutochukua tone la damu la kupima. Vivyo hivyo uso mwekundu na kizunguzungu cha ini: mashine ya presha haigombani na falsafa yoyote. Ingawa, tuseme ukweli, presha ya kupanda kidogo kwa kawaida haiumizi kichwa, na wengi wenye presha hawasikii chochote. Kichwa cha presha huja ikifika huko juu sana, kama 180 kwa 120. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 ana hesabu nyingine kabisa: kichwa kinachong'ang'ania na presha ya 140 kwa 90 vinaweza kuwa mlango wa kifafa cha mimba. Huyo aende hospitali usiku huohuo.

Usidhani upande wa pili hauna madoa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa watu 2,991 ambao walijiona, au waliambiwa na daktari, kuwa wana kichwa cha sinasi, yaani cha matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso. Walipochunguzwa kwa vigezo, 88 kati ya kila 100 walikuwa na kichwa cha aina ya kipanda uso. Ni miaka mingapi ya dawa za sinasi hiyo! Na hapa kwetu, yeyote aliyewahi kupewa dawa ya malaria kwa sababu tu kichwa kinauma anajua ninachosema.

Na matabibu wa Kichina, wao kwa wao wanaelewana? Mwaka 2006 kulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo wataalamu watatu wa sindano waliwachunguza wagonjwa walewale wa kuumwa kichwa mara kwa mara. Wengi wa wagonjwa walibandikwa matatizo ya chi na yang ya ini, lakini katika mambo mengine, na katika pa kuchoma, watatu hao walitofautiana sana. Nikiyaweka hayo karibu na vitabu vyenye sura kumi za maumivu zilizopambanuliwa kwa unyoya, napunguza imani yangu katika hukumu ya mtu mmoja aliyeshika mkono mmoja. Siipunguzi hadi sifuri. Maswali yale ya usingizi na hasira yana thamani hata kama jibu lake lina jina la ajabu.

Baada ya kutambua

Katika sindano ndipo tiba ya Kichina ina ushahidi wa kusimama nao. Mapitio makubwa ya mwaka 2016, yaliyokusanya majaribio 22 yenye washiriki 4,985, yaliangalia sindano kama kinga ya kipanda uso. Waliochomwa, 41 kati ya 100 walipungukiwa vipindi kwa nusu au zaidi. Walioendelea na huduma ya kawaida, 17. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini katika majaribio yaliyowalinganisha na watu waliochomwa sindano za uongo, mahali pasipo penyewe au bila kuingia ndani, ilikuwa 50 kwa sindano za kweli dhidi ya 41. Pengo limesinyaa. Maana yake ni kwamba kuchomwa kunasaidia, ila kuchomwa mahali hasa palipotajwa na utambuzi kunaongeza kidogo tu juu yake. Mpenzi wa tiba hii hapendi kusikia sentensi hiyo, na mpinzani wake hapendi kusikia ile ya kabla yake.

Pia kazi ya sindano hapa ni kinga, kupunguza idadi ya siku mbaya. Habari za kale za China zinasema mtawala Cao Cao alikuwa na "upepo wa kichwa", na kila ulipomshika, tabibu Hua Tuo alimchoma sindano ukatulia. Hua Tuo alikiri kuuondoa moja kwa moja ni kazi ngumu. Baadaye alikwenda kwao, akasingizia mke ni mgonjwa, akakataa kurudi. Cao Cao akamwua, karibu na mwaka 208. Kichwa kilibaki.

Dawa za kuchemsha zinataka hadhari zaidi. Mchanganyiko maarufu wa kichwa cha upepo, ule wa mzizi wa chuanxiong unaonywewa na chai, kwa asili yake una mmea wa xixin, ambao ni wa jamii yenye asidi ya aristolokia inayoharibu figo. Ndiyo maana China ilielekeza itumike mizizi yake tu, siyo majani. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse mizizi ya danggui wala danshen bila daktari wake kujua, anaweza kuvuja damu. Na soma pakiti: dawa ya mafua iitwayo Ganmaoling, yenye sura ya mitishamba mitupu, ina paracetamol ndani. Ukimeza na Panadol yako, umekunywa mara mbili.

Basi uende wapi

Kichwa kipya, kilichobadilika, au chenye lolote kati ya yale maswali ya hatari: hospitali. Hapa sina la kulinganisha.

Kichwa cha zamani ambacho hakijawahi kupewa jina: bado hospitali kwanza, ziara moja, ukiwa na daftari. Andika wiki nne: siku, saa kilipoanza na kilipoisha, upande, ulichokula, usingizi, hedhi, na kila kidonge. Kidonge hasa. Anayemeza paracetamol, diclofenac au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, au zile zenye kafeini na kodeini siku 10, anaweza kuwa ameanza kuumwa kichwa kwa ajili ya dawa zenyewe. Tabibu wa Kichina akimchoma mtu huyo huku vidonge vinaendelea, anafagia ufukwe.

Kichwa chenye jina, kilichokwisha kukaguliwa, kinachorudi: hapo mlango wa pili una haki yake. Kama dawa za kinga za hospitali zinakulaza usingizi au zinakunenepesha, au hutaki vidonge vya kila siku, sindano ni chaguo la maana, hata kwa kichwa cha mkazo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 unaruhusu hadi vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8 kwa kichwa sugu cha mkazo, na ningetumia kipimo hichohicho: kumi, kisha rudi kwenye daftari uhesabu siku. Zimepungua kwa nusu? Endelea. Hazijapungua, na tabibu anataka kumi nyingine? Mshukuru, umlipe, uondoke.

Kwa Zuhura ningesema apate jina lake la kipanda uso mlango wa kwanza, pamoja na dawa ya kumeza mapema kinapoanza, maana saa ile anapotapika sindano ya wiki ijayo haimsaidii. Halafu, kama anakaa Guangzhou wiki za kutosha, aende mlango wa pili na jina hilo mkononi. Amwonyeshe tabibu dawa zake zote. Ahakikishe sindano zinafunguliwa kutoka pakiti mpya mbele yake na zinatupwa baada yake. Kama ana mimba aseme kabla ya kunyoosha mkono, kwa sababu Hegu, ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo mahali pa kwanza wanapochoma kwa kichwa, na kwa desturi yao wenyewe mjamzito hachomwi hapo.